Maji Hayazalishi Baridi: Namna ya Kuchagua Vipuri vya Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Alasiri moja ya mwezi Februari alinijia kijana wa Kinyerezi ambaye kazi yake ni kuchora, kwa kompyuta, picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Malalamiko yake yalikuwa ya ajabu. Kompyuta yake, aliyoiunganisha mwenyewe kipuri kwa kipuri na kuipoza kwa maji, ilikuwa ikizimika yenyewe karibu kila siku kati ya saa nane na saa kumi mchana. Usiku ilifanya kazi hadi alfajiri bila tatizo lolote. Fundi wa kwanza alisema umeme wa mtaa ni mdogo. Wa pili alisema prosesa ni mbovu. Kijana alikuwa amekwisha kununua pampu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, na hali haikubadilika hata kidogo. Mteja alikuwa akisubiri kazi yake, na fedha zilizonunua vipuri hivyo zilikuwa akiba ya miaka miwili.

Nilimwomba anipeleke kwake, nikachukua vipimajoto viwili vya maabara. Yale tuliyoyaona huko ndiyo msingi wa makala hii. Vijana wengi nchini sasa hujiundia kompyuta zao wenyewe kwa vipuri vya Kariakoo au vilivyoagizwa kutoka Dubai na China, na baadhi yao hupenda kuzikimbiza kupita mwendo uliowekwa na kiwanda. Fizikia inayohitajika katika uchaguzi wa vipuri hivyo haizidi ile inayofundishwa katika shule za sekondari. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwanza, kisha wakapiga hesabu.

JOTO LATOKA WAPI?

Ndani ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, mna mabilioni ya swichi ndogo mno ziitwazo transista. Kila swichi inapofunguka na kufungika hujaza na kumwaga chaji kidogo ya umeme, na nishati ya chaji hiyo hugeuka kuwa joto. Swichi hizi huongozwa na saa, yaani mapigo ya umeme yanayokwenda kwa mpangilio. Saa ya gigahezi 4 hupiga mara bilioni nne kwa kila sekunde.

Kiasi cha joto kinachotolewa hufuata kanuni fupi: joto kwa sekunde hulingana na idadi ya mapigo, ikizidishwa kwa volteji, ikizidishwa tena kwa volteji. Mwanafunzi na aitazame kanuni hii kwa makini, maana volteji imeingia mara mbili.

Anayetaka kuikimbiza kompyuta hupandisha idadi ya mapigo. Lakini swichi huhitaji muda wa kujaa chaji. Mapigo yakizidi, haziwahi, na hesabu huanza kukosewa. Ili ziwahi, hapana budi volteji ipandishwe. Hapo ndipo gharama inapoingia. Tuchukue prosesa yenye mapigo ya gigahezi 4.0 kwa volti 1.10, itoayo joto la wati 125. Tuseme mwenyewe ameipandisha hadi gigahezi 4.6, na ili isikosee hesabu ameipa volti 1.30. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 15. Joto je? Mapigo yamezidi mara 1.15. Volteji imezidi mara 1.18, na kipeo cha pili cha 1.18 ni karibu 1.40. Zidisha 1.15 kwa 1.40, upate 1.61 hivi. Joto limepanda kutoka wati 125 hadi wati 201. Kwa faida ya asilimia 15 mwenye mashine amelipa asilimia 61 ya joto.

Hivi ndivyo alivyokuwa amefanya kijana wetu. Juu ya hayo alikuwa na kadi ya michoro iliyotoa wati 250 nyingine, nayo ikipozwa kwa maji yale yale. Jumla yake ni wati 450 hivi, yaani karibu nusu ya joto la pasi ya umeme, likitoka mfululizo mchana kutwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake katika kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji zake, joto kwa kila eneo la silikoni halizidi. Kwa muda wa miaka thelathini hivi viwanda vilifaidi kanuni hiyo. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000 volteji haikuweza tena kushushwa kwa kasi ile ile, kwa kuwa transista ndogo mno huvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa. Tangu hapo joto limekuwa ndilo mpaka mkuu wa mwendo wa prosesa.

MAJI YAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi huamini kwamba maji huleta baridi. Imani hii ina asili yake. Sote tumekunywa maji ya mtungi, nayo ni baridi kuliko hewa ya chumba. Lakini mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya kidogo katika udongo na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi hufanya kazi vizuri Dodoma, kwenye hewa kavu, kuliko Dar es Salaam, ambako hewa imekwisha kujaa unyevu. Maji ya kompyuta yamefungwa ndani ya mipira, hayageuki mvuke. Kwa hiyo hayawezi kamwe kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta.

Kazi ya maji ni uchukuzi tu. Hupokea joto mahali pembamba na kulipeleka mahali penye nafasi. Katika uchukuzi huo hayana mshindani: lita moja ya maji, ikipanda kwa uzi mmoja wa sentigredi, hubeba jouli 4,180 hivi, lita moja ya hewa hubeba kama jouli 1.2 tu. Tofauti ni karibu mara 3,500. Kwa sababu hiyo wahandisi wa kompyuta kubwa waliyageukia maji mapema. Mashine ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji. Kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilitumbukizwa yote ndani ya kiowevu maalumu kisichopitisha umeme.

Sasa tuipime ile pampu kubwa. Pampu ya kwanza ilizungusha lita 4 kwa dakika, yaani gramu 67 hivi kwa sekunde. Wati 450 ni jouli 450 kwa sekunde. Gawanya 450 kwa zao la 67 na 4.18: jibu ni uzi 1.6. Maana yake, maji yalipopita mara moja kwenye prosesa na kadi yalipanda kwa uzi mmoja na nusu tu. Pampu ya mara mbili ingeipunguza tofauti hii hadi uzi 0.8. Kijana alikuwa amelipa fedha nyingi kwa faida isiyofika uzi mmoja, ilhali tatizo lake lilikuwa la nyuzi nyingi zaidi.

NGAZI YA HALIJOTO

Joto husafiri kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, na kila hatua ya safari hiyo hudai tofauti yake ya nyuzi. Twaweza kuichora safari hii kama ngazi. Chini kabisa ipo hewa ya chumba. Juu yake yapo maji. Juu ya maji ipo prosesa. Upana wa kila daraja hutegemea wingi wa joto na ubora wa kipuri kinachoshughulika na daraja hilo.

Usiku, saa tatu, tulipima hivi: hewa ya chumba nyuzi 27, maji nyuzi 44, prosesa nyuzi 86. Daraja la kwanza lilikuwa nyuzi 17, na la pili nyuzi 42. Kesho yake, saa nane na nusu mchana, hewa ya chumba ilikuwa nyuzi 38, maji nyuzi 56, na prosesa ilipofika nyuzi 100 ikajizima mbele ya macho yetu. Hewa ilikuwa imepanda kwa nyuzi 11. Ngazi nzima ilipanda pamoja nayo, na zaidi kidogo, kwa maana silikoni yenye moto huvujisha umeme mwingi zaidi na hivyo kuongeza joto lake yenyewe. Kwa kawaida prosesa hujipunguzia mwendo kabla ya kufika hapo, lakini kijana alikuwa ameizima kinga hiyo katika mipangilio ili mwendo usishuke.

Chumba kilikuwa cha uani, chenye bati tupu bila dari, dirisha moja, na mlango uliofungwa kwa kuogopa vumbi na wezi. Nje hewa ilikuwa nyuzi 32. Nyuzi sita zilizozidi ndani zilitokana na bati na na mashine yenyewe, kwa kuwa joto linalotolewa na rejeta halipotei. Hubaki chumbani hadi lipate njia ya kutokea.

Vitabu vya mwongozo wa kuunda kompyuta huandikwa, kwa sehemu kubwa, na watu wa nchi za baridi. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ya uzamivu huko Ulaya, chumba changu kilikuwa na nyuzi 20 mwaka mzima. Mashine ile ile ya Kinyerezi ingewekwa katika chumba kile, prosesa yake ingekuwa na nyuzi 79 na mwenyewe asingejua kwamba ana tatizo. Mwongozo haukusema uongo. Ulianza tu kuhesabu kutoka chini ya ngazi nyingine.

Anayeishi Kinyerezi ana mfano mkubwa wa jambo hili karibu yake. Mtambo wa umeme wa Kinyerezi II, uliozinduliwa mwaka 2018 ukiwa na uwezo wa megawati 240, huchoma gesi asilia, kisha joto la moshi wake huchemsha maji ili mvuke uzungushe mashine nyingine. Mashine za gesi za namna hiyo, popote duniani, hupungukiwa nguvu hewa inapokuwa ya moto, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na mashine huvuta kilo chache zaidi kwa kila mzunguko. Kuanzia megawati hadi wati, kila mtambo hutua mzigo wake wa joto katika hewa hii hii tunayoivuta.

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Kutokana na hayo, uchaguzi wa vipuri yafaa uanze chini ya ngazi na kupanda juu. Wengi huanza na prosesa, kwa sababu ya sifa zake, na kumalizia na chumba, au kukisahau kabisa.

Kwanza, chumba. Pima halijoto ya chumba saa nane mchana katika mwezi wa joto, mlango ukiwa umefungwa kama kawaida yako. Namba hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote. Dari ya mbao au jipsamu chini ya bati, na tundu la kutolea hewa karibu na paa, aghalabu huwa na faida kubwa kuliko kipuri chochote cha bei hiyo hiyo.

Pili, prosesa na ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Si kila prosesa hukubali kukimbizwa. Kwa kampuni ya Intel, zile zinazoruhusiwa hutambulika kwa herufi K baada ya namba, nazo huhitaji ubao wa jamii ya Z. Kwa AMD, prosesa nyingi za Ryzen za kompyuta ya mezani huruhusu, mradi ubao uwe wa jamii ya B au X. Kompyuta za ofisi zilizotumika, ambazo zimejaa madukani kwa bei nafuu, hazifai kwa kazi hii: mbao zake hazifungui mipangilio ya saa, na mara nyingi plagi zake za umeme si za kawaida. Tazama pia kikomo cha halijoto. Prosesa nyingi za Intel huvumilia hadi nyuzi 100. Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 zimewekewa nyuzi 95.

Tatu, rejeta. Hiki ndicho kipuri chenye uamuzi mkubwa, nacho ndicho wanachokibania fedha. Rejeta hupimwa kwa idadi ya feni inazobeba: ya feni mbili za milimita 120 huitwa ya 240, ya feni tatu huitwa ya 360. Kwa hewa ile ile na joto lile lile, eneo likizidishwa mara moja na nusu, daraja la kwanza hupungua kwa theluthi moja hivi. Kijana alikuwa na ya 240. Nyuzi zake 17 zingekuwa 11 kwa rejeta ya 360. Chagua yenye mapezi yaliyoachana. Rejeta ya mapezi yaliyosongamana hupendeza katika vipimo vya maabara, lakini kwenye vumbi la barabara zetu za mitaani huziba katika majuma machache. Iwekwe mahali inapovuta hewa ya nje ya sanduku, isivute ile iliyokwisha kupashwa moto na kadi ya michoro.

Nne, feni. Zinapaswa kusukuma hewa ya kutosha. Ili wati 450 ziondoke huku hewa ikipanda kwa nyuzi 8, hesabu hutoa lita 48 za hewa kwa sekunde, yaani lita 16 kwa kila feni katika rejeta ya feni tatu. Chagua feni zilizotengenezwa kwa ajili ya rejeta, zenye nguvu ya kusukuma hewa penye kizuizi. Weka chujio la vumbi mbele yake, na ulisafishe kila mwezi.

Tano, pampu. Lita 3 hadi 4 kwa dakika zatosha, kama hesabu ya juu ilivyoonyesha. Kilicho muhimu ni uimara na waya wa kupeleka taarifa ya mzunguko kwenye ubao mkuu, ili pampu ikisimama mashine ijizime. Soma pia kikomo cha halijoto ya maji: pampu na mipira mingi ya aina hii imeundwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 60. Maji ya kijana yalikuwa yamefika 56.

Sita, metali. Bloku, yaani kile kisanduku chenye mifereji myembamba kinachokaa juu ya prosesa, kwa kawaida ni ya shaba nyekundu, wakati mwingine iliyopakwa nikeli. Rejeta nayo iwe ya shaba. Kijana, katika kutafuta nafuu, alikuwa ameongeza rejeta ndogo ya alumini iliyotoka kwenye gari. Mwanafunzi wa kemia aitazame safu ya metali: shaba ina volti 0.34 upande wa chanya, alumini volti 1.66 upande wa hasi. Tofauti ni volti 2, kubwa kuliko betri ya tochi. Ukiziunganisha kwa maji yenye chumvi umeunda betri, na alumini ndiyo italiwa. Tulipoifungua tulikuta uji wa kijivu umeziba karibu nusu ya mifereji ya bloku.

Saba, maji yenyewe. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi, kwa kuwa bahari i karibu, hayafai kabisa. Ya bomba nayo yana madini yanayoacha ukoko. Tumia maji yaliyotoneshwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu iliyotengenezwa kwa kazi hii. Yale yauzwayo vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri huweza kufaa ikiwa ni maji matupu yaliyotoneshwa, lakini soma kibandiko kwa uangalifu, maana chupa za asidi ya betri hukaa rafu ile ile na watu huziita kwa jina hilo hilo. Wala usitie barafu. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 65 huanza kuacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi chini ya 24.6. Maji yakipoa kuliko hapo, matone yatajikusanya juu ya bloku na kudondokea ubao wenye umeme.

Nane, pawa saplai. Jumlisha wati: prosesa 201, kadi 250, na 80 hivi za vipuri vingine, jumla 531. Chagua ya wati 750, ili isifanye kazi kwenye ukingo wa uwezo wake. Kwa ufanisi wa asilimia 90, ukuta utatoa wati 590. Saa tano kwa siku kwa siku 30 ni uniti 88 na zaidi kidogo. Mteja wa nyumbani wa kundi la D1 hapaswi kuzidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta hii peke yake ingemtoa katika kundi hilo. Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha akiba ya umeme chenye kudhibiti volteji si anasa.

Baada ya kuunganisha, izungushe pampu peke yake kwa saa 24, vipuri vingine vikiwa havina umeme na karatasi laini imetandazwa chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, umeona uvujaji kabla haujakugharimu ubao mkuu.

JE, YAFAA KUIKIMBIZA?

Hili ndilo swali ambalo lingestahili kuulizwa kabla ya kununua. Kwa kazi ya kijana wetu, picha inayochukua saa moja ingekamilika kwa dakika 52 kwa mwendo uliozidi asilimia 15. Dakika nane ni kitu. Lakini mashine inapozimika saa nane mchana, hupoteza picha nzima.

Tuliirudia kanuni ya kwanza. Tukashusha mapigo hadi gigahezi 4.3, na volteji hadi 1.16. Mwendo ulibaki juu ya ule wa kiwanda kwa asilimia 7 na nusu, na joto likawa wati 149 badala ya 201. Rejeta ya alumini ikaondolewa, bloku ikasafishwa, ikafungwa rejeta moja ya 360 ya shaba. Mwenyewe akapiga dari na kutoboa tundu la hewa juu ya dirisha. Hewa ya mchana chumbani ikawa nyuzi 34. Ngazi mpya ilikuwa hivi: hewa 34, maji 44, prosesa 75. Pampu ya zamani ndiyo iliyorudishwa. Ile kubwa aliiuza kwa hasara.

Kwa wenye fedha kidogo, ipo njia ya tatu ambayo haina gharama. Prosesa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na volteji ya ziada kwa tahadhari. Acha mapigo kama yalivyo, shusha volteji hatua kwa hatua, na kila hatua uijaribu kwa kazi nzito ya saa kadhaa. Kutoka volti 1.10 hadi 1.00 joto hupungua kwa asilimia 17, na mwendo haupungui. Kwa mashine kama hiyo, kipoza cha kawaida cha hewa chenye mapezi makubwa chatosha, na hakuna maji ya kuvuja.

Walimu watakumbuka kisa cha Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa alipouliza sababu. Mwaka 1969 swali lake lilichapishwa katika jarida la fizikia, pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, na wanasayansi bado wanabishana juu yake. Nalitaja hapa kwa sababu kijana wa Kinyerezi naye alikuwa ameliona jambo la kweli, kwamba mashine yake hufa mchana na kupona usiku. Mafundi wake wawili walikuwa na majibu tayari, wala hakuna aliyetia kipimajoto chumbani.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Chukua makopo mawili yanayolingana, uyajaze maji ya nyuzi 70. Liache moja katika hewa tulivu, la pili mbele ya feni. Andika halijoto kila dakika mbili kwa nusu saa, kisha chora mistari miwili katika grafu moja. Je, lipo kopo lolote linaloshuka chini ya halijoto ya chumba?

2. Rudia jaribio, safari hii ukilifunga kopo moja kitambaa kilicholowa. Linganisha matokeo yako na maelezo ya mtungi yaliyotolewa hapo juu.

3. Prosesa hutoa wati 100 kwa gigahezi 3.6 na volti 1.20. Itatoa wati ngapi kwa gigahezi 4.0 na volti 1.32? Mwendo umeongezeka kwa asilimia ngapi, na joto kwa asilimia ngapi?

4. Pima halijoto ya chumba cha kompyuta cha shule yenu saa mbili asubuhi na saa nane mchana kwa juma zima. Kwa kutumia ngazi ya halijoto, kadiria prosesa zake zinafikia nyuzi ngapi, na upendekeze jambo moja la kurekebisha lisilohitaji kununua kompyuta mpya.